Charles Dotter: Daktari aliyetibu mishipa ya damu kama fundi wa mabomba

Hebu fikiria hivi. Umetoka kazini Nairobi, umebahatika kupata kiti cha dirisha kwenye matatu ya Kiserian, mmeshapita Rongai na baridi ya Milima ya Ngong imeanza kuingia. Unakohoa. Unajifuta mdomo kwa leso, unaiangalia, na moyo unaruka. Damu.

Utafanya nini? Wengi wetu tunajijua. Tutaikunja hiyo leso, tutaitia mfukoni na kunyamaza. Manake ukisema tu unakohoa damu, jirani wa kiti anasogea kando, na kufikia kesho mtaa mzima ushakupa jina la ugonjwa.

Kweli, kwetu hapa kifua kikuu ni kati ya mambo ya kwanza ambayo daktari atataka kuyapima, na ni haki yake. Kipimo chake ni bure kwenye vituo vya serikali na ugonjwa wenyewe unatibika. Lakini si kila anayekohoa damu ana TB. Kuna watu waliozaliwa na mishipa ya damu ya mapafu iliyoungwa vibaya tangu wakiwa tumboni mwa mama. Wanakua, wanacheza mpira, wanapanda Ngong Hills wikendi na marafiki, hawajui kitu. Halafu siku moja mshipa unapasuka.

Zamani, dawa ya hali hiyo ilikuwa moja tu: kufungua kifua na kukata kipande cha pafu. Siku hizi daktari anaweza kuingia kwa tundu dogo kwenye kinena, akafuata mishipa ya damu hadi ndani ya pafu, akaiziba ile iliyoharibika na kutoka. Mgonjwa anabaki na alama ndogo ambayo plasta inatosha kuifunika.

Mtu aliyefungua njia hiyo kuliko wengine aliitwa Charles Dotter. Hakuwa hata daktari wa upasuaji. Alikuwa daktari wa eksirei mwenye mikono ya fundi, na wenzake wengi walimwona kichaa.

KIJANA ALIYEPENDA KUFUNGUA VITU

Dotter alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 14 Juni 1920, akalelewa Freeport, kwenye kisiwa cha Long Island karibu na New York. Wewe unamjua mtoto wa aina yake, huenda hata ni ndugu yako: yule ambaye ukimwachia redio dakika kumi, ukirudi unakuta skrubu zimepangwa mezani. Alipenda mashine, na alitaka kujua kitu kinafanyaje kazi kabla ya kuambiwa ni cha nini.

Hakuwa mrefu, kwa hivyo michezo ya timu haikumfaa sana. Akageukia milima. Alipokuwa mtu mzima, alipanda vilele vyote 67 vya Marekani bara vinavyozidi futi 14,000, yaani zaidi ya mita 4,200. Kama umewahi kufika juu ya Ngong Hills ukahema hadi ukakaa chini, kumbuka hapo hujafika hata mita 2,500.

Alisoma Chuo Kikuu cha Duke akahitimu 1941, kisha udaktari huko Cornell, akamaliza 1944. Mwaka huohuo alimwoa Pamela, muuguzi waliyekutana hospitalini. Mwaka 1952, akiwa na miaka 32 tu, alipewa kuongoza idara ya rediolojia kwenye chuo cha udaktari cha Oregon, jijini Portland, magharibi kabisa mwa Marekani. Hakuna mkuu wa idara kama hiyo nchini humo aliyekuwa mdogo kama yeye. Alikaa kwenye kiti hicho hadi alipokufa.

Enzi hizo kazi ya daktari wa eksirei ilikuwa ya kupiga picha. Anapiga, anaisoma, anaandika ripoti, anampelekea mpasuaji. Basi. Yeye kumgusa mgonjwa ili amponye haikuwa kazi yake. Dotter aliiona hiyo kama kumwita fundi wa maji, akakuonyesha mahali bomba limeziba, halafu akafunga begi lake na kwenda zake.

MRIJA NDANI YA MOYO

Wazo la kupitisha mrija ndani ya mshipa wa mtu mzima aliye hai halikuwa lake. Mwaka 1929, kwenye mji mdogo wa Eberswalde huko Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alijitoboa mshipa wa mkono, akasukuma mrija mwembamba hadi ndani ya moyo wake mwenyewe, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Wakubwa wake walikasirika. Tuzo ya Nobel ilikuja 1956, miaka 27 baadaye.

Halafu 1953 daktari Msweden, Sven Seldinger, akaonyesha jinsi ya kuingiza mrija bila kukata ngozi kwa kisu. Unatoboa mshipa kwa sindano, unapitisha waya ndani ya sindano, unatoa sindano, unaacha waya, halafu unatelezesha mrija juu ya waya. Ni rahisi hadi unajiuliza mbona haikugunduliwa mapema. Mrija huo ndio unaitwa katheta.

Kwa hiyo Dotter alikuta njia ipo. Lakini wenzake waliitumia kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, ili wapige picha nzuri zaidi. Yeye aliona ule mrija ni mkono mrefu. Kama unaweza kufika mahali penye hitilafu, kwa nini usiirekebishe ukiwa hapohapo?

Jibu lilimjia kwa bahati mwaka 1963. Alikuwa akimpiga mgonjwa picha za mishipa ya tumbo, katheta ikapita katikati ya mshipa wa nyonga uliokuwa umeziba. Bila kukusudia, akawa ameuzibua. Mwezi Juni mwaka huo alisimama mbele ya mkutano wa madaktari huko Karlovy Vary, Chekoslovakia, akawaambia kwamba ipo siku katheta itafanya kazi nyingi ambazo sasa zinafanywa na kisu. Mmoja wa waliovutiwa alikuwa daktari wa huko aitwaye Josef Rösch. Weka jina hilo akilini, tutalirudia.

Vifaa navyo vilikuwa shida. Hakukuwa na duka la kuuza alivyotaka. Basi Dotter akafanya kile ambacho mafundi wetu wa Kiserian hufanya kila siku: alitumia kilichopo. Alijaribu nyuzi za gitaa. Alijaribu waya wa mita ya mwendo wa gari la Volkswagen. Mwishoni mwa 1963, kwenye maonyesho huko Chicago, alimkuta kijana aitwaye Bill Cook akitengeneza katheta mezani kwa tochi ya gesi. Dotter akaomba kuazima tochi na mirija ya Teflon, akaenda navyo hotelini. Asubuhi alirudi na katheta kumi alizotengeneza usiku, na Cook akaziuza dola 10 kila moja. Kampuni ya Cook baadaye ilikuwa kubwa duniani kwa vifaa vya aina hiyo.

BIBI ALIYEKATAA KUKATWA MGUU

Tarehe 16 Januari 1964 ndiyo siku yenyewe.

Bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80 alikuwa amelazwa Portland. Mshipa wa paja ulikuwa umebana, damu haishuki vizuri, vidole vya mguu vimeanza kuoza. Madaktari wa upasuaji walikuwa wamekata shauri: mguu ukatwe. Bibi akakataa katakata.

Hapo ndipo alipoitwa Dotter, kwa kuwa hakukuwa na lingine la kujaribu. Aliingiza waya mwembamba kupitia sehemu iliyobana, akapitisha mrija mwembamba juu yake, halafu mwingine mnene kidogo juu ya huo. Njia ikapanuka. Mguu ukapata joto. Maumivu yakapungua, vidonda vikapona, na bibi akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili kwa zaidi ya miaka miwili, hadi alipokufa kwa sababu nyingine.

Kufikia mwisho wa 1964, Dotter na mwanafunzi wake Melvin Judkins walichapisha ripoti ya miguu 11 ya wagonjwa 9. Unadhani dunia ilishangilia? Wapi. Wapasuaji wengi wa Marekani hawakutaka kusikia. Kuna fomu iliyofika idarani kwake ikimwagiza apige picha ya mshipa wa mgonjwa, ila asithubutu kuurekebisha. Gazeti la Life lilipotoa picha zake mwaka huohuo, macho yamemtoka na nywele hazijakaa vizuri, jina la utani likashika: Charlie Kichaa.

Tuseme ukweli, na yeye alichangia. Aliwahi kuhutubia mkutano akiwa na katheta ndani ya moyo wake mwenyewe, akaiunganisha na mashine ili wasikilizaji waone presha ya kila chumba cha moyo. Alichora nembo ya bomba na spana vilivyopishana, kama ya fundi wa maji, kuonyesha kwamba kinachowezekana kwenye bomba kinawezekana kwenye mshipa. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumcheka, na wakati mwingine watu wanapokucheka hawasikii unachosema.

Ulaya walisikia. Madaktari wa Ujerumani waliichukua njia yake hadi wakaligeuza jina lake kuwa kitenzi. Kutoka hapo Andreas Grüntzig alibuni puto dogo la kupanua mshipa, na mwaka 1977 huko Zurich akalitumia kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa. Leo watu wengi sana duniani wanazibuliwa mishipa ya moyo kwa njia hiyo, na wachache wanalijua jina la Dotter.

KUTOKA KUZIBUA HADI KUZIBA

Sasa turudi kwenye leso yako. Dotter alianza kwa kuzibua, lakini anayekohoa damu anahitaji kinyume chake: kuzibwa.

Yule Rösch alihamia Portland mwaka 1967. Mwaka 1972 yeye, Dotter na mwenzao Brown waliripoti mgonjwa aliyekuwa akivuja damu tumboni. Walipeleka katheta hadi kwenye mshipa uliokuwa ukivuja, wakachukua damu ya mgonjwa mwenyewe iliyoganda na kuiingiza hapo kama kizibo. Damu ikakoma bila kisu.

Mlango ukafunguka. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 daktari Mfaransa, Jacques Rémy, akiwa Lille, alianza kuziba mishipa inayolisha njia za hewa kwa wagonjwa waliokohoa damu nyingi. Mwaka 1975 Cesare Gianturco na wenzake walionyesha koili: kijiwaya cha chuma kinachonyooka kikiwa ndani ya katheta, kikitoka kinajikunja kama springi na kuigandisha damu palepale. Na mwaka 1977, Berlin, Werner Porstmann aliripoti kuziba kwa katheta mishipa ya pafu iliyoungana vibaya tangu kuzaliwa. Kidole cha Dotter hakikuwa kwenye kila moja ya kazi hizo, lakini mlango waliopitia wote ni ule alioupigania.

Hitilafu yenyewe ikoje? Kwa kawaida damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikaingia mapafuni, ikagawanyika kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele. Humo ndimo inapochukua oksijeni na kuchujwa, kisha inarudi moyoni. Kwa baadhi ya watu, mshipa unaoleta damu umeungana moja kwa moja na unaoirudisha, bila vijishipa vya katikati. Mahali hapo panavimba, ukuta unakuwa mwembamba kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kupita kiasi. Unaweza kupasuka. Tena, kwa kuwa chujio halipo, kipande kidogo cha damu iliyoganda au vijidudu vinaweza kupita hadi kichwani, vikaleta kiharusi au jipu la ubongo kwa kijana ambaye hakuna aliyemtarajia kuugua hivyo.

Wengi wenye hali hii wameirithi, na dalili yake iko puani. Kama kwenu mnatokwa damu puani mara kwa mara, baba hivyo, shangazi hivyo, na mna vidoa vyekundu kwenye midomo au vidole, usiseme ni joto tu. Mwambie daktari.

Kuna hitilafu ya pili: kipande cha pafu ambacho hakijaungana na njia za hewa, na kinapata damu yake moja kwa moja kutoka mshipa mkuu wa mwili, wenye presha kubwa. Hicho nacho kinaweza kuvuja. Mara nyingi hukatwa kwa upasuaji, lakini mgonjwa anapovuja sana, katheta inaweza kuziba mshipa wake na kununua muda, na kwa wengine hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Kinachoua haraka kwa anayekohoa damu nyingi mara nyingi si kuishiwa damu. Ni kuzama. Njia za hewa ni nyembamba, damu kidogo tu inatosha kuzijaza. Ndiyo maana kasi ni muhimu, na ndiyo maana mgonjwa akijulikana anavuja pafu gani hulazwa kwa ubavu huohuo, ili pafu zima lisijae.

Lakini usidanganyike kwamba katheta ni miujiza. Koili inaweza kuhama. Mshipa uliozibwa unaweza kufunguka baada ya miaka, kwa hivyo mgonjwa hurudi kupigwa picha. Na yote yanataka mashine ya bei, vifaa vya bei, na mikono iliyofunzwa.

MZEE ALIVYOONDOKA

Mwaka 1969 Dotter mwenyewe aligeuka mgonjwa. Alikutwa na saratani ya tezi za limfu, ile inayoitwa ya Hodgkin. Alichomwa kwa mionzi, akarudi kazini. Baadaye moyo nao ukamsumbua, akapasuliwa. Mwaka huohuo wa 1969 ndipo alipochapisha majaribio yake ya kuweka springi ndani ya mishipa ya mbwa ili isizibe tena. Springi za jamii hiyo leo zimo ndani ya mioyo ya watu kila pembe ya dunia. Mwaka 1978 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel. Hakuipata.

Alifariki tarehe 15 Februari 1985, akiwa na miaka 64. Miaka mitano baadaye Portland ilifungua taasisi yenye jina lake.

NA SISI JE?

Kiserian ni kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Kwa ramani hapo ni karibu. Kwa foleni ya Magadi Road saa kumi na moja jioni, na mgonjwa anayekohoa damu, si karibu hata kidogo. Na hata ukifika, madaktari wa kazi hii ni wachache Afrika Mashariki nzima, wengi wakiwa kwenye hospitali kubwa za miji mikuu.

Ila kuna jambo linaendelea. Tangu 2018 wataalamu kutoka nje, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale, wamekuwa wakienda kwa zamu Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kufundisha madaktari wa hapohapo kutibu kwa katheta. Mwaka 2019 yakaanza mafunzo rasmi chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, na 2021 wakahitimu wa kwanza. Hawakungoja kila kitu kikamilike. Walianza na walichokuwa nacho, kama Dotter na nyuzi zake za gitaa.

Kwa hivyo nakuomba mambo mawili.

La kwanza: ukikohoa damu, hata kidogo, usiifiche leso. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, pimwa TB, na kama haipo na damu bado inakuja, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Omba picha ya kifua, na uliza kuhusu kupelekwa hospitali kubwa. Damu ikiwa nyingi, hiyo si ya kungoja asubuhi. Yule bibi wa Portland hakuwa daktari. Alichofanya ni kukataa jibu la kwanza, na mguu wake ukabaki.

La pili ni kwako wewe unayefungua simu za watu, unayechomelea mageti pale barabarani, unayejua bomba la maji limeziba wapi kwa kuligonga tu. Usiambiwe udaktari ni wa wale waliokariri vitabu pekee. Huyu Dotter mikono yake ilikuwa kama yako. Kilichomtofautisha ni kwamba alirudi darasani akajifunza ramani ya mabomba ya mwili.